Marathoni: kuanzia km 30 akili inagoma kabla ya miguu

Mtaka_Medali
Wakuu, heshima kwenu. Nusu ya kwanza natumia saa 1 na dakika 55, ya pili inanila saa 2 na dakika 24. Sina jeraha, pumzi ipo, ila nikifika km 30 kichwani inabaki kauli moja tu: "tembea kidogo". Nikitembea mara moja, basi tena. Njia nzima natumia jeli mbili za kuongeza nguvu na maji. Uvumilivu wa akili mnaujengaje?

Pumzi_Mbili
Mkuu, usiisingizie akili kwanza. Jeli mbili ni kama gramu 50 za wanga kwa zaidi ya saa nne! Akiba ya glaikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) kwenye misuli na ini huelekea kuisha maeneo hayohayo ya km 30 hadi 35, na ubongo nao unategemea sukari. Hapo kukata tamaa ni dalili ya njaa.

Lenga gramu 60 kwa saa: jeli ya gramu 25 kila dakika 25, kuanzia dakika ya 30, kabla hujaisikia njaa. Kunywa nayo maji matupu. Ukiichanganya na kinywaji chenye sukari tumbo linaweza kuvurugika. Na usiruke kutoka jeli mbili hadi tisa siku ya mbio. Tumbo nalo hufundishwa, anza na gramu 30 kwa saa kwenye mazoezi marefu, upande taratibu.

Kosa la pili ni kasi. Umeanza kwa dakika 5:27 kwa kilomita. Ukitaka kumaliza kwa saa 4 na dakika 5, wastani ni 5:48, kwa hiyo km 5 za kwanza nenda 5:55 hadi 6:00 hata kama kila mtu anakupita.

Hatua_Fupi
Hapo kwenye wanga nakubali, ila hata aliyeshiba anaisikia hiyo sauti. Tatizo ni kujadiliana nayo ukiwa umechoka, maana utashindwa tu. Uamuzi ufanyike nyumbani, uuandike: "Nikisikia 'tembea', nitashusha mabega, nitafupisha hatua, nitahesabu hatua 100, ndipo niamue." Mara nyingi ukifika 100 wimbi limepita. Lisipopita, hesabu tena.

Baada ya km 30 sahau kabisa zile 12 zilizobaki. Mbio yako inaishia kituo cha maji kinachofuata. Uso pia ulegeze. Kipchoge, yule bingwa wa marathoni wa Kenya, hutabasamu makusudi anapobanwa.

Zoezi lenyewe: kimbia mzunguko wa km 2 unaopita mlangoni kwako, mara 14 au 15, na zile km 8 za mwisho ziende kwa kasi ya mbio. Kila ukipita mlango unapata nafasi halali ya kuacha, na unaikataa. Njia ya kwenda mbali na kurudi haikufundishi hilo, kwa sababu huko hata ukichoka lazima urudi.

Daftari_la_Mbio
Naongeza: mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake waliwapa watu kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli. Waliishiwa mapema kuliko kawaida, ingawa moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza hilo. Kwa hiyo siku ya kuamkia mbio, mahesabu ya ofisini na mabishano ya kwenye simu weka kando.

Ila kuna sauti za kutii. Maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kizunguzungu, au maumivu yanayokufanya uchechemee: simama. Na usinywe maji kupita kiu: maji mengi mno hushusha sodiamu (chumvi) ya damu, na hiyo ni hatari kuliko kiu yenyewe.

Mtaka_Medali
Nimewasoma wakuu. Kahawa je, inasaidia hapo?

Pumzi_Mbili
Inapunguza hisia ya ugumu. Miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito, saa moja kabla. Mwenye kilo 70 ni 210. Ijaribu kwenye mazoezi marefu kwanza, wengine huwakimbiza chooni.