Mama wa jumuiya yetu anasema hawezi tena kuomba. Tumsaidieje?

MamaJumuiya, Uyole

Bwana asifiwe wapendwa. Kwenye jumuiya yetu kuna mama aliyemzika mwanawe mwezi wa tatu, na sasa mumewe amepata kiharusi, yuko kitandani. Anasema akipiga magoti maneno hayaji. Watu wanamwambia "ni mapenzi ya Mungu, vumilia", naye anazidi kujifungia. Alhamisi tunakwenda kusali kwake. Tusome nini, tukae muda gani? Wengine wanataka tufunge naye siku tatu.

Mwinjilisti, Tukuyu

Amina, mama. Someni Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na mtu aliyechoka anaweza kuifuata. Mstari wa 1 na 2 mwombaji anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Wa 3 na wa 4 anaomba. Tumaini linakuja mstari wa 5. Msomaji asome polepole, na baada ya mstari wa 2 anyamaze kama dakika nzima. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaruka haraka kwenda "nimezitumainia fadhili zako", mwenye huzuni anabaki nyuma peke yake. Akianza kulia, mwacheni alie, msimfunike kwa pambio.

Kama hata hiyo ni nzito kwake, ipo Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Imo kwenye Biblia, kwa hiyo anayesali hivyo hajakufuru. Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Warumi 8:28, ile ya Mungu kufanya mambo yote yawapatie mema wampendao, iacheni kwa sasa. Ni neno la kweli, lakini likisemwa na mgeni aliyeshiba kwa mtu ambaye kaburi la mwanawe halijaota nyasi, linamfikia kama amri ya kunyamaza. Muda: nusu saa inatosha. Mwombaji awe mmoja, tena kwa sauti ya kawaida.

Katekista, Tosamaganga

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza habari ya rafiki zake Ayubu. Siku saba, mchana na usiku, waliketi naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kumtafutia kosa, hata Mungu akawakemea katika 42:7. Kwa hiyo mkubaliane kabla ya kufika kwamba hakuna atakayeuliza "kuna nini katika ukoo huu". Akitokea wa kuuliza, msomeeni Yohana 9:3, Yesu alipoulizwa juu ya kipofu: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.

Jambo la pili ni shamba. Mume yuko kitandani, mahindi yamekauka, nani anavuna? Gawaneni mistari ya mahindi, mvune, mpukuchue, mpige dawa ya wadudu kabla ya kuweka kwenye magunia. Mpelekeeni na mkaa, maana baridi ya Uyole mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Halafu andikeni zamu. Msiba una watu wengi wiki ya kwanza, ila njaa na upweke huanza watu wakishatawanyika.

Muuguzi, Makambako

Kufunga hapana, dada yangu. Eliya alipochoka akaomba afe, malaika hakumwongezea mfungo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena (1 Wafalme 19). Huyu mama inawezekana halali kabisa: mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anapata vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni. Hesabu usiku mmoja anaamka mara ngapi! Tafuteni watu wawili wa kukesha, hata usiku mbili kwa wiki, yeye alale chumba kingine. Wafundishwe kwanza: mgonjwa alishwe akiwa ameketishwa wima, kijiko kidogo kidogo, na akikohoa waache kumlisha kwanza, chakula kisije kikaingia kwenye mapafu.

Dawa za presha za mgonjwa zisikatishwe kwa sababu ameombewa. Yakobo 5:14 inataja wazee wa kanisa na mafuta, haisemi tupeni vidonge. Luka alikuwa tabibu. Na mtu yeyote anayekuja kuuza maji au mafuta ya uponyaji nyumbani humo, viongozi wa jumuiya mzuieni mlangoni.

Mwangalieni mama pia. Asipokula, asipolala hata akipata nafasi, kwa zaidi ya wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anataka kufa, msisubiri wiki mbili: siku hiyo hiyo aende, na asiachwe peke yake.

MamaJumuiya, Uyole

Asanteni sana, mfungo tumeufuta. Ila akisema tena "siwezi kuomba", nimjibu nini?

Mwinjilisti, Tukuyu

Mwambie asiombe. Mtaomba ninyi. Marko 2:5 inasema Yesu aliiona imani "yao", ya wale wanne waliombeba mwenye kupooza. Yule mgonjwa hakusema neno lolote. Warumi 8:26 nayo inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Akitaka kushiriki, aseme "Amina" tu mwishoni, na hiyo nayo asilazimishwe. Mwachieni Zaburi ya 13 imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ibandikwe karibu na kitanda, ili hata wale wa zamu ya usiku waisome.