Naomba ushauri: Linux nyepesi ya kwenye flashi kwa kupanga partisheni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Laptopu ninayoitegemea ni ya zamani: RAM GB 2, diski GB 320, Windows 10. Diski imegawanywa partisheni (sehemu) mbili, C yenye Windows na D. C ni GB 60 na imebaki MB 700 tu, ule mstari mwekundu nauona kila nikiwasha. D ina nafasi tele, lakini ndimo zilimo kazi za walimu wa skuli na vyeti vya watu.

Nimepunguza D kwa Disk Management ya Windows, ila nafasi imetokea mwisho wa diski, haigusani na C, kwa hiyo C haiongezeki. Nikajaribu Ubuntu (aina ya Linux) kwa flashi: iliwaka, nikafungua GParted, programu ya kupanga partisheni, mashine ikaganda hapo hapo. Fast Startup (Windows kutozimika kabisa ili iwake haraka) nimeshaizima, maana partisheni ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, ambayo Windows haikuifunga vizuri GParted hukataa kuipunguza.

Sasa nasita kati ya Linux tatu za kwenye flashi: GParted Live, SystemRescue na Puppy Linux. Kwa RAM hii, ipi itatulia zaidi?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kusogeza mwanzo wa D maana yake data yote ihamishwe, saa kadhaa, na betri imekufa kabisa. Umeme ukikatika katikati, kuna kinachookoka? Diski ya nje niliyonayo ni GB 120, kazi zilizomo D ni GB 150. Niazime UPS (betri ya akiba ya umeme) nianze, au nisiguse kitu mpaka nipate diski kubwa?

Shukrani sana.