Wachumaji chai hawapatikani? Kaangalieni mizani kwanza

Wakuu, kila mvua zikianza ni wimbo uleule: chai inazeeka shambani Mufindi, vijana wavivu. Uongo! Vijana haohao wanapakia viazi Njombe toka alfajiri na kuvuna parachichi Rungwe, kwa sababu huko jioni mtu anaondoka na hela yake mkononi. Kwenye chai anasubiri mwisho wa mwezi, tena kwa kilo zilizonyofolewa.

Mtu anafikisha kilo 40 kituoni. Karani anakata asilimia 10 "ya maji", hata siku ya jua kali. Zinabaki 36. Anatoa kilo 1 ya mfuko, wakati mfuko mtupu haufiki hata nusu kilo. Anaandika 35. Kilo 5 kwa siku, siku 26, ni kilo 130: zaidi ya siku tatu za kuchuma bure kila mwezi. Nani arudi?

Na msituambie jani lina maji. Jani bichi lina maji siku zote, ndiyo maana kilo moja ya chai kavu inakula kilo 4 na nusu hivi za jani bichi, na bei ya jani inalijua hilo. Kinachostahili kukatwa ni maji ya mvua yaliyobaki juu ya jani, nayo yanapimika: tia kilo 5 kwenye mfuko wa wavu, zungusha kwa nguvu mpaka matone yaishe, pima tena mbele ya mchumaji. Kilichopungua ndicho ukate.

Halafu msimu. Chai inachipua kwa fujo Desemba na Januari, wakati mahindi ya mchumaji yanataka mbolea na palizi. Akiyaacha, mwaka mzima hana chakula. Juni hadi Agosti, baridi ikibana, chai imelala na kilo hazipatikani, lakini bei ya kilo ni ileile.

Watu wakipungua, mzunguko wa kurudi kuchuma mchai uleule, wa siku 7 hadi 10, unakuwa wiki tatu. Chipukizi la majani mawili linafikisha manne, bua linakomaa, kiwanda kinakataa. Anayeadhibiwa ni mchumaji: amwage mzigo, achambue upya bila malipo. Wakati huo jani lililoshindiliwa kwenye magunia linapata joto na kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Hasara hiyo nayo mnamwandikia yeye?

Mkasi wa kuchumia unaongeza kilo, sawa, ila kwenye miteremko na michai isiyosawazishwa juu unakomba na majani magumu.

Tunataka mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, uso wake umwelekee mchumaji. Mfuko mtupu upimwe asubuhi. Malipo yawe kila wiki. Na palizi ya Januari watu wapewe siku zao bila kufutwa kwenye daftari.

Mlioko Lupembe na Tukuyu, kwenu siku ya jua wanakata asilimia ngapi? Wekeni hapa.