Dada anazimia ghafla, vipimo havioni kitu: naomba ushauri

Wadau habari zenu. Tuko Newala. Dada yangu anadondoka na kupoteza fahamu. Juzi alikuwa anaokota korosho, ile kusimama tu akasema "naona giza", jasho jembamba, mara chini. Hata dakika haikuisha akazinduka, anauliza ndoo yake iko wapi! Harushi mikono wala hatoi povu, ila majirani wameshaamua ni kifafa, na shangazi anataka mganga.

Malaria, sukari, wingi wa damu, vyote safi. Tabibu kashauri apimwe presha akiwa amelala kisha amesimama, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Kile kipimo cha moyo cha kuvaa kwa saa 24 kinapatikana Mtwara mjini, au ni mpaka Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete? Bima yetu ni CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii).