Mama ameanguka mara tatu tangu apate kiharusi: tumkalishe au tumfanyishe mazoezi?

Binti wa Muheza anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa shikamooni. Mama yangu ana umri wa miaka 66, na miezi minane iliyopita alipata kiharusi kilichomwachia udhaifu wa mkono na mguu wa kushoto. Alilazwa, presha ikadhibitiwa, akaanza mazoezi ya viungo katika hospitali iliyo mbali kidogo na nyumbani. Baada ya mahudhurio sita tuliacha, kwa sababu gharama ya kukodi gari kwenda na kurudi ilituelemea, na pia kwa sababu alikuwa ameshaanza kutembea mwenyewe ndani ya nyumba, tukadhani kazi imekwisha.

Tangu hapo ameanguka mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa akiinuka kitandani usiku ili aende chooni. Mara ya pili alikuwa uani, jirani akamwita kwa nyuma, akageuka ghafla na kuanguka. Mara ya tatu, wiki mbili zilizopita, alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni akiwa amevaa kandambili, akachubuka bega la kushoto. Hakuvunjika mahali, tunamshukuru Mungu, lakini hofu imetuingia sote. Kaka zangu wameamua asitembee tena: asubuhi anakalishwa barazani, analetewa kila kitu pale pale, na jioni anarudishwa ndani kwa kushikwa makwapani. Mimi ndiye ninayeshinda naye, na naona mguu unazidi kunyong'onyea. Juzi aliniambia kwamba anajiona kama gunia lililoegemezwa ukutani.

Naomba kujua, je, kumkalisha kunamkinga kweli? Kama mazoezi yanafaa, nimfanyishe yapi nyumbani bila kumwangusha? Na fimbo aishike kwa mkono upi, maana kila anayekuja kumjulia hali anatuambia lake.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi:

Dada, pole kwa kuuguza, na umfikishie mama pole zangu. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na miwili, sehemu kubwa nikiwa na wagonjwa wa kiharusi, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Hofu ya kaka zako ina msingi. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi huangukia upande uliopooza, ambako mkono hauwahi kumkinga, na mifupa ya upande huo huwa imepoteza uimara kwa kutobebeshwa uzito. Lakini kumkalisha kutwa kunaongeza hatari hiyo hiyo wanayoikimbia, kwa kuwa misuli inazidi kulegea, mifupa inazidi kudhoofika, na siku atakayolazimika kuinuka peke yake, nayo itafika, atainuka akiwa dhaifu kuliko alivyo leo.

Mwili hujisawazisha kwa kupokea habari kutoka sehemu tatu, yaani macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, viungo na misuli, kisha ubongo huzikusanya na kuamuru misuli ipi ikaze na ipi ilegee. Kiharusi kimeiharibu sehemu ya ubongo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza sehemu ya kazi hiyo, lakini hujifunza kwa kurudiarudia tendo lenyewe, na mtu aliyeketi harudii chochote.

Sasa tazama mahali mama alipoangukia: akiinuka, akigeuka, na akivuka kizingiti. Hakuanguka akitembea moja kwa moja sebuleni. Basi mazoezi yake yawe ni hayo hayo matatu, mchana, akiwa na mtu pembeni.

Anza na kuinuka na kukaa. Tumia kiti kizito cha mbao kilichoegemezwa ukutani, wala si cha plastiki, ambacho huteleza au hupinduka. Arudishe nyayo nyuma ya magoti, mguu wa kushoto ukiwa nyuma kidogo kuliko wa kulia, ili ulazimike kubeba uzito. Ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo anyanyuke, asimame kwa kuhesabu hadi tatu, kisha akae polepole bila kujibwaga. Afanye mara kumi, apumzike, arudie. Wagonjwa wengi huinuka kwa mguu mzima peke yake huku ule mwingine ukining'inia tu kama wa mgeni, na kosa hilo ukilinyamazia linakuwa mazoea.

Akishazoea, asimame mbele ya meza nzito. Mpangie vikombe upande wake wa kushoto, mbali kidogo, avifikie kwa mkono wa kulia na kuvihamisha kimoja kimoja, ili uzito uhamie mguu wa kushoto. Baadaye weka tofali chini na umwambie apandishe mguu wa kulia juu yake, kisha aushushe. Watu hushangaa kwa nini nautaja mguu mzima, lakini hawezi kuunyanyua huo bila kusimama juu ya ule dhaifu, na hilo ndilo tunalolitafuta. Kugeuka afanye kwa kuzunguka stuli kwa hatua ndogo ndogo, pande zote mbili, asijizungushe juu ya mguu mmoja. Kizingiti nacho akivuke mara kadhaa kila siku, akiwa amevaa viatu vinavyofunga kisigino. Kandambili ziwekeni mbali kabisa.

Wewe simama kushoto kwake, nyuma kidogo, ukiwa umeshika mkanda mpana au khanga iliyofungwa imara kiunoni mwake. Msimvute kamwe kwa mkono uliopooza, wala kumnyanyua makwapani, kwa maana misuli ya bega imelegea na kiungo hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu ya bega hilo huweza kudumu miezi.

Jambo moja ambalo familia nyingi hazilipendi: zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi kitu. Ayumbe, ajirudishe mwenyewe, nawe uwe tayari kumdaka. Tafiti zilizojumlishwa kwa wazee wanaoishi majumbani zinaonyesha kwamba mazoezi, hasa yale ya usawa wa mwili, hupunguza idadi ya maanguko kwa takriban asilimia 23. Kwa waliopata kiharusi ushahidi ni mdogo zaidi, kwa hiyo sikuahidi kwamba hataanguka tena.

Fimbo aishike kwa mkono wa kulia, mkono mzima, nayo iende mbele pamoja na mguu wa kushoto. Kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umening'inia, na mpira wa chini ubadilishwe ukilika. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu dhaifu hutangulia kushuka.

Naomba unijibu mawili. Je, mama huacha chakula upande wa kushoto wa sahani, au hugonga miimo ya milango upande huo? Na je, huchukua sekunde ngapi kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa? Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1991, nacho hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Hospitalini wanaweza kumpima kwa kipimo cha Berg, kinachopima usawa wa mwili, chenye matendo 14 na jumla ya alama 56. Kama nauli ni tatizo, omba miadi ya mara moja kwa mwezi kwa ajili ya kupimwa na kuongezewa ugumu wa mazoezi, badala ya kuacha moja kwa moja.

Muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa ndani:

Naongeza dogo kuhusu lile anguko la usiku. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha akisimama, baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Ikiwa namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu haimfikii vizuri kichwani anapoinuka, na hakuna zoezi la mguu litakaloponya kizunguzungu hicho. Mwelezeni daktari, na umpelekee dawa zote anazotumia, kwa sababu saa ya kumeza dawa ya kukojosha au kuwepo kwa dawa ya usingizi kunaweza kuwa chanzo, lakini msisimamishe dawa kwa uamuzi wenu. Kabla ya kusimama aketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, taa ikiwa imewashwa.

Mama wa Likoni:

Mwanangu, mimi namuuguza mume wangu mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, mwaka wa sita huu. Ugonjwa ni mwingine, lakini nimesoma habari ya jirani kumwita mama kwa nyuma, nikaona niandike. Mume wangu akifika mlangoni nyayo hugandamana na sakafu, kiwiliwili kinaendelea mbele, na hapo ndipo huanguka. Mtaalamu alitufundisha kubandika vipande vya utepe wa rangi sakafuni, kimoja kila hatua, naye huvikanyaga kimoja kimoja huku nikimhesabia, na miguu inafunguka. Mazoezi huyafanya baada ya dawa kuanza kufanya kazi, si kabla. Na watu wote wa nyumba hii, hata wajukuu, wamefundishwa kwamba babu akiwa anatembea hasemeshwi. Anayemtaka huja mbele yake, husubiri asimame, ndipo huzungumza naye.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi:

Mama, shikamoo, na ahsante. Hilo la kutosemeshwa lina uthibitisho: mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba wazee wanaoacha kutembea na kusimama pindi wanapozungumzishwa ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata, kwa kuwa akili yao haitoshi tena kwa kazi mbili kwa pamoja. Kwa mama wa Muheza tutaanza na ukimya, na akiimarika tumzoeze kidogo kidogo kuongea huku anatembea, kwa sababu majirani hawatakoma kumwita.

Binti wa Muheza:

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilipoangalia sahani ya mama nilisikitika, kwa kuwa wali wote wa kushoto ulikuwa umebaki, nami nilidhani hana hamu ya kula. Nilipoizungusha sahani akaumaliza. Bega alilochubua ni la upande huo huo. Fimbo tulikuwa tumempa mkono wa kushoto, tukiamini kwamba inausaidia mguu mgonjwa. Presha haikushuka aliposimama. Kile kipimo cha mita 3 kilikuwa sekunde 38, na jana ilikuwa 31. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko wote, ndiye anayeshika khanga jioni. Swali langu la mwisho ni hili: akianguka, tumwinue vipi?

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi:

Hiyo sahani imetueleza mengi. Ubongo wake unausahau upande wa kushoto, kwa hiyo funga kitambaa chekundu kwenye mwimo wa kushoto wa kila mlango, na umfundishe kukitafuta kwa macho kabla hajapita. Unapozungumza naye, kaa kushoto kwake.

Akianguka, msimnyanyue haraka. Aachwe apumue, mumuulize panapouma. Akishindwa kuusogeza mguu kwa maumivu ya nyonga, au mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, asiinuliwe, atafutiwe gari la kumpeleka hospitali akiwa amelala. Akigonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama anasema hajambo. Ikiwa hana dalili hizo, ageukie upande wa kulia, ajiinue kwa kiwiko, apige magoti mbele ya kile kiti kizito, ashike kiti kwa mkono wa kulia, aweke mguu wa kulia mbele, kisha asukume na kusimama, nanyi mkimshika kiunoni. Mfundisheni jambo hili juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, mchana, kabla halijahitajika.