Mrejesho: dabo hasi imetukubali

Wadau wa bridge (karata za wawili kwa wawili), asanteni. Niliuliza hivi: mwenzangu akifungua mnada kwa uru moja, mpinzani akaingilia kwa shupaza moja, nami nina kopa nne na pointi nane tu, niseme nini? Mkanijibu: piga dabo, naye aisome kuwa ni kopa nne au zaidi (ndiyo dabo hasi), si dabo ya adhabu, ya kuwaongezea wapinzani hasara. Jumamosi hapa South B ikatokea karibu vilevile. Mzee ninayecheza naye akajibu kopa mbili, tukala mizunguko tisa.

Kilichonisumbua zaidi ni hiki: shupaza nzuri zikiwa kwangu, dabo ya adhabu inakwenda wapi? Kumbe unapita kimya, mwenzako mwenye shupaza chache anafufua mnada kwa dabo, nawe unapita tena ili wacheze shupaza yao chini ya dabo. Inataka moyo, na mzee bado haiamini, ijapokuwa wapinzani, wakiwa hatarini (hali ambayo hasara huhesabiwa zaidi), walipungukiwa mizunguko miwili: pointi 500 kwetu.

(Zamani dabo hasi iliitwa Sputnik, mchezaji Mmarekani Alvin Roth aliileta 1957, mwaka satelaiti hiyo iliporushwa.)

Tumepatana kwanza tuitumie mpinzani akiingilia hadi shupaza mbili tu, si juu ya hapo. Wakiingilia kwa kopa moja, dabo ni shupaza nne kamili; ukiwa nazo tano, zitaje.