Marangu hadi Mandara au Hifadhi ya Arusha: wapi panafaa kwa siku moja ya kupanda mlima na kutazama ndege?

MkaziWaSoweto: Wanajamvi, salaam. Ninaishi Moshi, na mwezi ujao nitampokea shemeji yangu kutoka Dodoma, ambaye ana siku moja tu ya matembezi na anataka mambo mawili kwa pamoja, yaani kupanda mlima na kutazama ndege. Ninasita kati ya njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro hadi kituo cha Mandara, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha chini ya Mlima Meru. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliofika kote kuwili.

Darubini_Kuukuu: Ndugu, kwa upande wa ndege, Hifadhi ya Arusha haina mpinzani katika hizo mbili. Eneo lake si kubwa, lakini lina msitu wa mlimani, uwanda wa nyasi na maziwa ya Momella yenye maji ya magadi, kwa hiyo asubuhi mnaweza kuwatazama heroe ziwani na kabla ya jua la utosi mkawa chini ya miti mkimtafuta shorobo. Huyu ni wa kijani, na hutulia majanini hata ukadhani mti ni mtupu. Akiruka tu, mabawa yanafunguka mekundu kama damu. Hondohondo naye hutangulia kusikika kabla ya kuonekana, kwa sababu mabawa yake huvuma juu ya vilele vya miti. Zingatieni kwamba matembezi ya miguu hufanyika mkiwa na askari mwenye bunduki, kwa kuwa nyati ni wengi, na asiyependa kuongozwa hatua kwa hatua atachoka mapema.

BintiKilema: Kaka Darubini amejibu nusu ya swali, kwani mwenye mada ametaja pia kupanda mlima. Lango la Marangu liko kwenye kimo cha takriban mita 1,870 na Mandara ni kama mita 2,720, na njia ya kilomita nane hivi inapita karibu yote katika msitu wenye mbega weusi kwa weupe. Ukishafika Mandara, usigeuze kabla ya kutembea kidogo hadi kreta ya Maundi, ambako msitu unakoma na, mawingu yakiruhusu, vilele vya Kibo na Mawenzi vinaonekana. Nakiri kwamba ndege wa msitu ule husikika zaidi ya kuonekana. Mwongozaji ni wa lazima, hata kwa sisi wenyeji.

Mzee_wa_Tengeru: Mbona mmeisahau Duluti? Ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, na njia yake huizunguka kingo yote kwa mwendo wa taratibu. Mdiria, mnandi na furukombe hawakosekani. Mlima, bila shaka, mtautazama kwa mbali.

MkaziWaSoweto: Shikamoo Mzee, nashukuru. Niongeze kwamba shemeji yangu ana nguvu za kutosha, ila magoti yanamsumbua.

BintiKilema: Hapo ninabadili ushauri. Kinachoumiza magoti si kupanda bali kushuka, na kutoka Mandara utashuka njia nzima siku hiyo hiyo, tena juu ya mizizi inayoteleza mvua ikinyesha. Nendeni Hifadhi ya Arusha, muombe matembezi ya maporomoko ya Tululusia, ambayo ni mafupi na bado yatampa ladha ya mlima.

Darubini_Kuukuu: Naunga mkono. Muondoke Moshi kabla ya kupambazuka, mchepuke kaskazini mnapofika Usa River, na mwanzie maziwani wakati jua bado halijawa kali. Kama safari inaweza kusogezwa, kati ya Oktoba na Aprili wapo pia ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, ingawa Aprili yenyewe ni masika na barabara za ndani huwa na matope.